Tembo Mpya Kila Mwaka: Jinsi ya Kukusanya Sarafu za Fedha Bila Kupoteza Pesa Zako

Hebu toa sarafu zilizo mfukoni mwako uziangalie. Kwenye shilingi 1 kuna twiga, kwenye 5 kuna kifaru, 10 ina simba na 20 ina ndovu. Tumewazoea wanyama hawa tangu Desemba 2018, na hakuna anayepanga foleni kutafuta ndovu wa mwaka huu kwa sababu ni yule yule wa mwaka jana.

Lakini ziko sarafu nyingine ambazo picha ya mnyama hubadilishwa kila mwaka. Zimetengenezwa kwa fedha halisi, na kuna watu duniani kote wanaozingoja kila mwaka ili waongeze moja kwenye mkusanyiko wao. Siku hizi matangazo yake yanafika hadi kwenye simu zetu: "Tembo wa fedha safi, bei ya kutupa, zimebaki tatu tu. Tuma pesa kwa nambari hii."

Somo la leo ni kwa mteja ambaye ameona tangazo kama hilo na kidole chake kiko karibu kubonyeza. Subiri kidogo, tusome kwanza.

Tuelewane pia kuhusu neno moja. Kwa Kiswahili, fedha ni yale madini meupe yanayong'aa, na fedha pia ni pesa. Katika somo hili, tukisema "fedha" tunamaanisha madini. Zile za matumizi tutaziita "pesa".

Jambo moja la kukumbuka

Ukisahau mengine yote, shika hili: unaponunua sarafu ya aina hii unalipia vitu viwili, madini na picha. Madini yana bei inayojulikana dunia nzima, kila siku. Picha ina bei pale tu penye mtu mwingine anayeitaka. Hasara nyingi huanza pale mnunuzi anapodhani amelipia madini, kumbe sehemu kubwa ya pesa yake imeenda kwenye picha.

Sarafu hizi ni zipi?

Iliyo karibu nasi zaidi ni Tembo wa Somalia. Mfululizo huu ulianza mwaka 1999 kwa jina la Zambia, na tangu 2004 umekuwa ukitoka kwa jina la Somalia. Kila mwaka tembo huchorwa upya. Mwaka mmoja utamwona peke yake, mwaka mwingine yuko na mtoto wake. Upande wa pili kuna nembo ya Somalia yenye chui wawili. Ajabu ni kwamba sarafu yenyewe haitengenezwi Mogadishu. Inatengenezwa Ujerumani, katika kiwanda cha sarafu cha jimbo la Bavaria mjini Munich.

Majirani zetu Rwanda nao wana mfululizo wao, ulioanza 2008 kwa picha ya gorila. Mwaka 2009 wakaweka tembo. Wao hubadilisha mnyama mwenyewe, si mchoro tu.

Mbali zaidi kuna Panda wa China, aliyeanza kwa dhahabu mwaka 1982 na fedha ikafuata 1983. Australia wana ndege aitwaye kookaburra, anayetolewa na kiwanda cha Perth tangu 1990, na koala tangu 2007.

Nyingi kati ya sarafu hizi zina uzito wa aunsi moja ya madini, yaani gramu 31.1. Angalia sana hapo. Aunsi ya kupimia vyakula ni gramu 28.35, na si hiyo inayotumika kwa fedha na dhahabu. Panda naye ana jambo lake: tangu 2016 anatengenezwa kwa gramu 30 kamili. Kwa hiyo, ukilinganisha bei yake na ya Tembo, linganisha gramu kwa gramu.

Na ile nambari iliyoandikwa kwenye sarafu isikuchanganye. Tembo wa Somalia wa aunsi moja ameandikwa shilingi 100, lakini hizo ni shilingi za Somalia, ambazo hazitoshi hata kununua pipi. Nambari hiyo ipo ili sarafu itambulike kisheria kama pesa ya nchi. Thamani yake halisi imo kwenye madini yenyewe.

Kwa nini picha hubadilika?

Jibu ni biashara. Sarafu isiyobadilika, ukishanunua moja, inayofuata ni ile ile tu. Sarafu ya Kanada yenye jani la mpapa imebeba jani hilo kwenye fedha tangu 1988, na watu wengi huinunua kwa ajili ya madini. Picha ikibadilika kila mwaka, mnunuzi anapata sababu ya kurudi. Akikosa mwaka mmoja, mkusanyiko wake unabaki na pengo.

China iliwahi kujaribu kuacha utaratibu huo. Panda wa 2002 alitoka na picha ile ile ya 2001. Wakusanyaji walilalamika, na kuanzia 2003 picha zikarudi kubadilika. Kisa hiki kinatufundisha kwamba kwa wakusanyaji, picha mpya ndiyo bidhaa yenyewe. Ndiyo maana wako tayari kulipa zaidi ya bei ya madini. Swali lako wewe ni hili: zaidi kiasi gani?

Piga hesabu kabla ya kulipa

Tutumie nambari rahisi za mfano. Hizi si bei za leo, ni za kujifunzia tu.

- Fedha iliyo ndani ya sarafu, kwa bei ya soko la dunia: shilingi 5,000.
- Bei anayotaka muuzaji: shilingi 6,500.
- Ziada: shilingi 1,500, yaani asilimia 30 juu ya bei ya madini.

Hiyo 1,500 ndiyo bei ya picha, pamoja na gharama ya kutengeneza na faida ya wauzaji. Si wizi, ni biashara ya kawaida. Lakini endelea kuhesabu.

Tuseme kesho umepata shida na unataka kuiuza. Unampelekea mtu anayenunua madini tu, naye anakupa asilimia 95 ya bei ya fedha. Unapata shilingi 4,750. Kwa usiku mmoja umepoteza shilingi 1,750, na hakuna aliyekudanganya.

Ili mnunuzi huyo akurudishie 6,500 zako, bei ya fedha ingelazimika kupanda kwa karibu asilimia 37. Inaweza kupanda hivyo, na inaweza pia kushuka. Januari 1980 aunsi moja ilikaribia dola 50, na kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 11. Aprili 2011 ikakaribia tena dola 49, na mwaka 2015 ulipoisha ilikuwa chini ya dola 15. Mtu aliyenunua kileleni akiwa na karo ya shule mkononi aliumia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, fanya hesabu hii kwenye simu yako:

1. Tafuta bei ya fedha ya siku hiyo kwa aunsi, kwa dola.
2. Zidisha kwa bei ya dola siku hiyo. Hiyo ndiyo bei ya madini kwa shilingi.
3. Toa bei ya madini kwenye bei ya muuzaji. Hiyo ndiyo ziada.
4. Jiulize: "Nikiuza bila mtu wa kupenda picha hii, nitapoteza kiasi gani, na je, naweza kuvumilia?"

Kama sarafu inatoka nje ya nchi, ongeza gharama ya usafirishaji, na uulize KRA au wakala wa forodha ni kodi gani utakayotozwa. Uliza kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika.

Bei ikiwa chini sana

Sasa rudi kwenye lile tangazo la "bei ya kutupa". Kama fedha iliyo ndani ya sarafu ni ya shilingi 5,000, kwa nini mtu akuuzie kwa 2,000? Angeweza kumpelekea sonara leo leo akapata zaidi. Bei iliyo chini ya madini ni dalili kwamba madini hayapo, au sarafu yenyewe haipo.

Sarafu ikiwa mkononi, unaweza kuipima hivi:

- Mizani. Tumia mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya sonara. Sarafu ya aunsi moja isomeke karibu gramu 31.1.
- Vipimo. Pima upana na unene, ulinganishe na vipimo vilivyochapishwa na kiwanda chenyewe. Bandia yenye uzito sahihi mara nyingi huwa nene au pana kupita kiasi.
- Sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikinata, irudishe. Lakini isiponata usishangilie bado, kwa sababu shaba na risasi pia hazinati.
- Maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sufuri. Funga sarafu kwa uzi, iteremshe ndani ya maji yote izame, lakini isiguse chini wala pembeni. Kwa sarafu safi ya gramu 31.1, mizani itasoma karibu gramu 3.0. Ikiwa ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha, itasoma karibu 3.5. Ikiwa ni risasi, karibu 2.7. Ikaushe kwa kuigusa taratibu kwa kitambaa laini, usiisugue.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Ikipita vyote vinne, una sababu nzuri ya kuamini. Kama bado una shaka, mlipe sonara unayemwamini aikague, na usikubali kulipa kabla hajamaliza.

Kulipa kwa simu kwa usalama

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu pesa ikishatumwa na kutolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu. Fuata hatua hizi:

1. Ona kabla ya kulipa. Kutana na muuzaji mchana, mahali penye watu: dukani kwa sonara, au ndani ya benki. Picha kwenye simu si sarafu. Picha moja inaweza kutumiwa na matapeli kumi.
2. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama muuzaji anasema ana duka lakini jina linalojitokeza ni la mtu binafsi, simama uulize. Kama lile jina halina uhusiano na mtu aliye mbele yako, usilipe.
3. Lipa kwa nambari ya biashara inapowezekana. Till au paybill yenye jina la duka hukuachia ushahidi ulio bora kuliko nambari ya mtu binafsi.
4. Kataa "deposit ya kushikilia". "Boss, tuma elfu moja tu nikuwekee, kuna mteja mwingine yuko njiani." Huyo mteja mwingine hayupo. Na kama yupo, mwache anunue. Mwaka ujao kutakuwa na tembo mwingine.
5. Usimpe mtu PIN wala nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe.
6. Hifadhi ujumbe wa malipo. Dai risiti yenye jina la sarafu, mwaka, uzito na bei.

Ukitambua umetuma kwa nambari isiyo sahihi au umetapeliwa, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Usimpigie tapeli kubishana naye huku anaelekea kwa ajenti kutoa pesa. Hatuwezi kuahidi kwamba pesa itarudi, lakini kila dakika ina maana. Kisha uripoti polisi ukiwa na ujumbe wa malipo.

Sarafu moja kwa mwaka, pesa kidogo kwa wiki

Uzuri wa sarafu za kila mwaka ni kwamba hazikuharakishi. Tembo wa mwaka ni mmoja, na wewe una miezi kumi na miwili ya kujipanga. Tukirudi kwenye mfano wetu, sema sarafu ni 6,500, na usafiri na gharama nyingine ni 1,500. Jumla ni 8,000. Gawanya kwa wiki 50, unapata shilingi 160 kwa wiki. Ziweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa kwenye simu yako, ili usizile njiani. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tuseme ukweli. Hii si akiba ya dharura. Sarafu haiwezi kulipa hospitali saa nane za usiku. Jenga kwanza akiba ya pesa taslimu, lipa madeni, weka karo kando. Ukibaki na kitu, hicho ndicho cha kununulia tembo. Na usinunue sarafu kwa mkopo wa simu hata siku moja. Riba ina uhakika, bei ya fedha haina.

Kutunza na kuandika

Sarafu ikifika, iache ndani ya kile kikopo chake cha plastiki. Ukiishika, shika ukingo kwa vidole viwili. Usiipake dawa ya meno wala kuisugua kwa majivu kama sufuria. Ukiing'arisha hivyo unaichubua, na mkusanyaji akiona michubuko anaondoa ile ziada uliyolipia. Kubadilika rangi kidogo ni kawaida, na hata sarafu mpya kabisa huweza kutokea madoa meupe.

Usiihifadhi pamoja na mipira ya kufungia noti wala magazeti, maana hivi hufanya fedha iwe nyeusi haraka. Walioko Mombasa, Lamu na Kisumu wawe makini zaidi na unyevu.

Halafu andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila sarafu andika nchi, mwaka, uzito, tarehe uliyonunua, uliyemlipa, bei ya madini siku hiyo na ziada uliyolipa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini nyumbani mahali daftari lilipo. Wako wazee walioacha sarafu nzuri, na watoto wakazigawa kama vitu vya kuchezea kwa sababu hawakujua ni nini.

Pengine nyumbani kwenu iko moja tayari. Ile shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba na milima ilianza kutolewa 1921, na hadi 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha, karibu gramu mbili. Za kuanzia 1948 hazina fedha. Simba ni yule yule, kwa hiyo usiangalie picha, angalia mwaka. Usiiuze kabla hujajua, na usiamini pia anayekwambia ina thamani ya mamilioni.

Siku ya kuuza

Hapa kwetu wanunuzi wa sarafu za kukusanya si wengi, kwa hiyo anza kuwatafuta kabla hujahitaji pesa. Kabla hata ya kununua ya kwanza, muulize muuzaji: "Nikikuletea hii mwakani, utainunua kwa bei gani?" Akijibu waziwazi, mwandike kwenye daftari lako. Akizungusha maneno, umepata jibu pia.

Ukiuza, usiachie sarafu kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa sababu ujumbe umeingia kwako. Ujumbe wa bandia ni rahisi kutengeneza. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Na mtu akikupigia akidai ametuma pesa nyingi kimakosa na umrudishie, usitume chochote. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja.

Jipime

1. Sarafu ya aunsi moja inauzwa shilingi 7,200. Bei ya madini siku hiyo ni 6,000. Ziada ni asilimia ngapi?
2. Umepima sarafu, imesoma gramu 28.3. Muuzaji anasema, "Hiyo ndiyo aunsi." Utamjibu nini?
3. Sarafu haikunata kwenye sumaku. Je, umemaliza kukagua?
4. Mnunuzi amekuonyesha ujumbe kwamba amelipa. Utafanya nini kabla ya kumpa sarafu?

Majibu: (1) Ziada ni shilingi 1,200, yaani asilimia 20. (2) Aunsi ya madini ni gramu 31.1, kwa hiyo sarafu hii si ya aunsi moja. (3) Bado. Pima uzito, vipimo na maji. (4) Angalia salio lako mwenyewe.

Kama unapenda picha ya tembo na unajua umeilipia kiasi gani, nunua kwa amani uifurahie. Kama ulichotaka ni akiba tu, hesabu yako ianze na kuishia kwenye gramu. Tuma somo hili kwa yule rafiki au mwanachama wa chama chenu aliyeonyeshwa tangazo la bei ya kutupa, kabla hajaweka PIN.